Wasomaji Wanauliza: Slagi za Kujazia Nyumbani na Dalili za Shinikizo Kupita Kiasi

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wasomaji walioko Marekani, hasa majimbo ya katikati kama Ohio na Iowa, ambako kwa miaka mingi msimu wa kulungu ulikuwa msimu wa shotigani na slagi (risasi moja nzito badala ya marisaa mengi). Ohio iliruhusu raifo za maganda yaliyonyooka mwaka 2014, lakini slagi hazijaondoka, na wapo wanaozijaza wenyewe. Tutangulize jambo moja: safu hii haichapi kiasi cha baruti. Kiasi hicho hutoka kwa kampuni iliyotengeneza baruti yako, kwenye orodha yake ya sasa, si gazetini.

Fataki zimebapa. Nimezidisha?

*Ndugu mhariri, habari za kazi. Nimezoea kujaza risasi za raifo ya .308, na huko natazama fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti: ikibapa, napunguza baruti. Sasa nimeanza slagi za geji 12, za wakia 1, kwa kalibu ya kampuni ya Lee. Fataki zinatoka zimebapa kama sarafu, ila maganda yanachomoka bila taabu. Nipunguze? (Msomaji, Columbus, Ohio)*

Usipunguze, na usiongeze. Kwanza hakikisha ulichojaza ni kile kile kilichoandikwa kwenye orodha, kitu kwa kitu. Kama ndivyo, fataki hizo hazina habari ya kukupa.

Tazama namba. Kikomo cha SAAMI, chama cha watengenezaji wa silaha cha Marekani, kwa .308 ni psi 62,000 (pauni kwa inchi ya mraba). Kwa geji 12, ganda la inchi 2¾ na la inchi 3, kikomo ni psi 11,500. La inchi 3½ ni psi 14,000. (Ulaya, CIP, tume ya viwango vya silaha, wanatumia bar 740 kwa ganda la kawaida na bar 1,050 kwa lile la nguvu, nao hupima kwa utaratibu wao.) Dalili ulizozizoea kwenye raifo ni dalili za shaba kuanza kushindwa, na shaba huanza kushindwa kwenye shinikizo ambalo shotigani haitakiwi hata kulikaribia. Ukizisubiri hizo kwenye geji 12, utazipata mtutu ukiwa tayari mashakani.

Tena fataki ya shotigani, aina ya 209, si fataki ya raifo. Kikombe chake ni laini na kimekaa ndani ya kifuko kingine cha chuma, kwa hiyo hubapa hata kwa risasi za kiwandani zisizo na nguvu yoyote. Jaribu mwenyewe: piga tano za kiwandani kwa bunduki hiyo hiyo, uzipange mezani kando ya zako. Tundu la pini likiwa pana kidogo, utaona na kivimbe kuzunguka alama ya pini, nacho pia si ushahidi wa lolote.

Tatizo kubwa ni upande wa pili. Mzigo wa psi 15,000 unaweza kutoa ganda safi kabisa, fataki nzuri, na bega lisiseme kitu. Kati ya kikomo na dalili ya kwanza inayoonekana kwa macho kuna pengo pana, na ndani ya pengo hilo ndimo mitutu inapochoka. Ndiyo maana ule utaratibu wa raifo, wa kuanza chini kwa asilimia kumi na kupanda taratibu huku ukitazama ganda, hautumiki hapa. Kipimo cha shotigani ni kitu kizima: ganda, fataki, aina ya baruti na uzito wake, kikombe cha plastiki kinachokaa juu ya baruti, slagi, na mkunjo wa mdomo. Maabara ilikipima hivyo kilivyo. Ukikigusa popote, kupanda au kushuka, unacho kipimo kingine ambacho hakuna aliyekipima.

Dalili zenyewe ni hizi, kuanzia nyepesi hadi nzito. Ganda kugoma kutoka, au bunduki ya kukunja kuwa ngumu kufunguka, kwa mzigo ambao mwanzoni haukufanya hivyo. Masizi meusi kuzunguka fataki, maana yake gesi imepita pembeni yake. Alama ya ndoano ya kuchomolea iliyochimba ukingo wa kitako. Kitako cha shaba kilichovimba kuliko cha risasi ya kiwandani ya ganda lile lile. Fataki iliyotoboka, au iliyodondoka yenyewe ukifungua chemba. Ukingo uliopinda, shaba iliyopasuka. Ukiona hata moja kati ya zile tatu za mwisho, weka bunduki chini, usipige nyingine "kuhakikisha". Maganda yote ya kundi hilo yavunjwe, na bunduki ipelekwe kwa fundi aipime mtutu na kufuli kabla haijapigwa tena.

Ganda linagoma kutoka

*Wahariri, salaam. Slagi zangu zinanasa kwenye chemba, moja kati ya nne hivi. Mzigo ni wa kitabuni. Naambiwa ni presha. (Msomaji, Des Moines, Iowa)*

Inawezekana, lakini usihukumu kabla ya kuchunguza mambo manne. Chukua sumaku uiguse kwenye kitako cha ganda. Maganda mengi ya bei rahisi yana kitako cha chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Chuma kikivimba hakirudi vizuri kama shaba, kwa hiyo hunasa hata kwa mzigo mwepesi. Pili, kama mashine yako ina pete ya kurudishia kitako kwenye kipimo, je, ganda lililojazwa linaingia chemba kwa uzito wake kabla hujalipiga? Kama unalisukuma kwa kidole ndipo liingie, tatizo ni la mashine. Tatu, chemba yenyewe: plastiki na nta huganda mbele ya chemba, na kitambaa cha kawaida hakivitoi. Tumia brashi ya shaba ya kipimo cha chemba, si ya mtutu, na kiyeyushi. Nne, piga kumi za kiwandani zenye kitako cha shaba halisi. Zikinasa na hizo, mzigo wako hauna kesi.

Kama yote hayo ni safi na ganda bado linagoma, hapo pima. Mikrometa yenye uwezo wa kusoma sehemu moja ya elfu ya inchi, mahali pamoja kila mara, juu kidogo ya ukingo, kabla na baada ya kupiga. Linganisha na ganda la kiwandani la aina ile ile lililopigwa kwa bunduki ile ile. Usilinganishe na ya jirani: kitako huvimba hadi kinapokutana na ukuta wa chemba, kwa hiyo chemba pana itakupa namba kubwa hata kama shinikizo ni la kawaida. Ukikuta chako kimezidi kile cha kiwandani, mzigo huo umekwisha kazi.

Jambo la kuchanganya zaidi ni fataki kulegea. Fataki za Cheddite na Fiocchi zina mwili mnene kidogo kuliko za Kimarekani. Zikishatumika kwenye ganda fulani, tundu linapanuka, na fataki ya Winchester utakayoweka baadaye itaingia bila kusukumwa. Hiyo siyo presha, ni historia ya ganda. Lakini liondoe hata hivyo, kwa sababu gesi itapita hapo hapo.

Fataki yangu imeadimika dukani

*Mhariri mpendwa, kipimo changu kinataka Winchester 209. Dukani zipo Federal 209A pekee. Si zote ni 209? Na ganda je, nikiwa na Cheddite badala ya AA? (Msomaji, Louisville, Kentucky)*

209 ni umbo na ukubwa. Nguvu ya moto haimo kwenye namba hiyo. Federal 209A ni miongoni mwa fataki kali. Kuiweka mahali pa nyingine, baruti ikiwa ile ile, kunaweza kupandisha shinikizo kwa psi elfu mbili au zaidi. Kama kipimo chako kilisoma psi 10,400, umeshavuka 11,500 ukiwa umekaa mezani. Ukiwa na bahati, kampuni ya baruti itakuwa na kipimo kingine kilichopimwa kwa 209A. Tafuta hicho, na utakuta kiasi cha baruti kimebadilishwa, wakati mwingine hata kikombe.

Ganda nalo si pakiti tu. Ndani, Winchester AA na Remington STS zinapungua upana kuelekea kitakoni. Cheddite na Fiocchi zina kuta zilizonyooka na kitako cha ndani kilichotengenezwa pekee, kikiwa cha kimo tofauti. Nafasi ya baruti ikibanwa, shinikizo hupanda haraka zaidi, kwa sababu baruti isiyo na moshi huwaka kasi zaidi kadiri inavyobanwa. Nafasi ikizidi, mkunjo hauna kitu cha kuegemea, slagi inacheza, na moto unakuwa wa kubahatisha.

Maganda yale yenye kitako cha ndani cha kupachikwa yana hatari yake. Kitako hicho kinaweza kung'oka na kubaki mtutuni. Ukichomoa ganda, chungulia ndani yake: kipo? Kama hakipo, usipakie nyingine hadi umetazama mtutu kutoka chemba hadi mdomoni.

Angalizo kwa wenye vitabu vya zamani: baadhi vimeandika LUP, kizio cha zamani cha shinikizo, badala ya psi. Hakuna hesabu ya kuaminika ya kugeuza moja kuwa nyingine, basi usilinganishe kipimo cha 1975 na cha leo kwa namba tu. Tena baruti yenyewe inaweza kuwa imebadilika ingawa jina limebaki.

Kasi inatosha kujua presha?

*Nina kifaa cha kupimia kasi. Kitabu kinasema futi 1,300 kwa sekunde, napata 1,290. Niko salama? (Msomaji, Minneapolis)*

Umepata ishara nzuri, si hati ya usalama. Kasi ile ile hufikiwa kwa njia mbili: baruti ya haraka itakupeleka futi 1,300 ikiwa karibu na kikomo, na ya polepole ikiwa psi elfu mbili chini yake. Kinachosaidia ni tofauti. Ukijaza kipimo cha kitabuni bila kubadilisha kitu, ukapata futi 80 au 100 zaidi ya kilichoandikwa, simama: mizani ina kasoro, au baruti siyo uliyodhani. Na kasi ikitofautiana sana kati ya risasi na risasi, tazama mkunjo kabla hujalaumu baruti. Shinikizo lenyewe hupimwa kwa kihisi kwenye mtutu wa maabara. Ziko maabara za Marekani zinazopokea risasi za watu binafsi na kuzipima kwa ada; anayetaka kuwa na hakika juu ya mzigo wake atume huko.

Mlio wa "pof" kwenye baridi

*Mwezi Desemba, asubuhi ya barafu, moja ililia "pof" na slagi ikaanguka hatua chache mbele. Nilipaswa kufanya nini? (Msomaji, Portland, Maine)*

Kutokupiga ya pili. Mlio hafifu unamaanisha moto haukushika vizuri, na kikombe au slagi yenyewe inaweza kuwa imesimama katikati ya mtutu. Risasi inayofuata ikikikuta kizuizi hicho, mtutu huvimba kwa umbo la pete au hupasuka, hata kama mzigo wa pili ulikuwa mwepesi kabisa. Wengi wanaogopa baruti nyingi, lakini baruti chache nazo huvunja mitutu. Toa risasi zote, ng'oa mtutu ikiwezekana, tazama mwanga, pitisha fimbo ya mbao.

Sababu yenyewe huwa baruti ya polepole kwenye mzigo wa shinikizo la chini, ikipigwa na baridi. Ukiona punje za baruti zisizoungua zimetapakaa kwenye mtutu, ndiyo hiyo. Kwa uwindaji wa majira ya baridi sisi tungechagua kwenye orodha kipimo kilichosoma kati ya psi 9,000 na 10,500, na mkunjo mgumu. Upande wa pili wa joto nao upo: sanduku la risasi lililoachwa kwenye dashibodi ya gari juani litapiga kwa nguvu zaidi ya ulichokijaza.

Kusubu slagi: uzito, ugumu na choki

*Nina vipande vya kusawazishia magurudumu ya magari, nimevipata bure. Vinafaa kwa slagi? Na mtutu wangu una choki ya full, yaani mdomo uliobanwa sana. (Msomaji, Grand Rapids, Michigan)*

Kwa slagi ya Lee, tumia madini ya risasi safi na laini. Vipande vya magurudumu vina antimoni, hivyo ni vigumu. Vya miaka ya karibuni vingine ni zinki, ambayo itakuharibia sufuria nzima. Slagi ngumu haikubali kubanwa inapofika kwenye choki. Slagi laini ya aina ya Foster, ile yenye uwazi nyuma iliyobuniwa na Karl Foster mwaka 1931, husinyaa kidogo ikapita. Ngumu inasukuma choki.

Choki ya full iondoe. Weka cylinder (isiyobana) au improved cylinder (inayobana kidogo tu). Kisha fanya jaribio hili, bunduki ikiwa tupu na mtutu umeng'olewa: vika slagi kikombe chake, uisukume kwa fimbo ya mbao kupitia choki. Ipite kwa nguvu ya mkono tu. Ikikwama au kudai nyundo, slagi hiyo na mtutu huo havikutani. Slagi za kikombe cha kuachana, zilizotengenezwa kwa ajili ya mtutu wenye mifereji, hazina faida kwenye mtutu laini.

Kazi yenyewe haina siri. Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Mimina ikiwa moto zaidi ya hapo, na kalibu iwe imepata joto, la sivyo slagi zitatoka na makunyanzi. Fanya nje au penye hewa, na kusiwe na tone la maji karibu: maji yakiingia chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuirusha usoni. Miwani, glavu, mikono mirefu. Zikipoa, pima kila moja. Wakia 1 ni greni 437.5, usishangae zako zikiwa pungufu au zaidi kidogo, kwani aina ya madini huamua. Tafuta wastani wa kundi, na zilizopotoka kwa zaidi ya greni 5 zirudi sufuriani. Nyepesi ina shimo ndani. Nzito kuliko wenzake maana yake kalibu haikufungwa sawasawa, na hiyo ndiyo mbaya, kwa kuwa ni nene pia.

Na uzito kuwa sawa hakufanyi slagi kuwa sawa. Kipimo cha marisaa ya wakia 1 siyo kipimo cha slagi yoyote ya wakia 1. Slagi ya Lee imeundwa ikae ndani ya kikombe cha kawaida cha marisaa, na kalibu inakuja na karatasi yake ya vipimo, ifuate hiyo. Slagi ya mtindo wa Brenneke, yenye kizibo kilichofungwa nyuma yake, inajaza mtutu kwa namna nyingine kabisa.

Mkunjo wa nyota au wa kuviringisha?

*Kipi kinaleta presha zaidi? (Msomaji, Tulsa)*

Kile ambacho orodha haikukitaja. Mkunjo hushikilia slagi kwa sehemu ndogo sana ya sekunde wakati baruti inaanza kushika, na muda huo ndio unaoamua shinikizo litapanda vipi. Wa nyota hutakiwa kuzama kiasi cha inchi 0.055 chini ya ukingo. Ukizama zaidi, shinikizo linapanda, na ukielea juu, moto unakuwa dhaifu. Pima kwa kalipa, usikadirie. Wa kuviringisha hufanywa kwa kichwa kinachozunguka kwenye drili ya kusimama, mwendo wa pole. Ukiharakisha, plastiki inayeyuka badala ya kukunjika. Mdomo wa ganda uliochanika baada ya mara tatu nne za kujazwa hautashika sawa na mpya. Tupa.

Kijiko cha mashine kinadanganya

*Jedwali la mashine linasema namba fulani ya kidude cha kupimia baruti. Nihitaji mizani tena? (Msomaji, Nashville)*

Ndiyo, kila unapoanza kikao. Jedwali ni makadirio. Kiasi kinachodondoka hutegemea kina cha baruti kwenye chupa, mtikisiko wa mkono wako, hata unyevu. Zungusha mara kumi za kutupa, kisha pima kumi za kweli moja moja. Baruti za vipande bapa vikubwa (flake) huweza kuziba njia, moja ikatoka pungufu na ifuatayo ikabeba deni lake. Na ganda la geji 12 lina nafasi ya kupokea dozi mbili za baruti ya haraka bila kumwagika. Kwa hiyo panga maganda yote hamsini kwenye ubao, yamulike kwa tochi kabla ya kuweka kikombe hata kimoja. Chupa moja tu ya baruti mezani, ikiwa na lebo yake ya kiwandani.

Nikiwa Arusha au Nakuru?

*Naweza kufanya haya nyumbani? (Msomaji, Arusha)*

Hapana, si bila kibali. Tanzania na Kenya, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, hata kama bunduki yenyewe unaimiliki kihalali. Marekani, sheria ya shirikisho haidai leseni kwa anayejaza za matumizi yake. Anayeuza anahitaji leseni ya watengenezaji wa risasi. Ujerumani wanadai mafunzo na kibali cha baruti.

Bunduki ya babu

*Nimerithi shotigani ya mitutu miwili ya Ulaya, imechongwa "12/65". Slagi zangu za inchi 2¾ zinaingia bila shida. Nipige? (Msomaji, Calgary)*

Usipige. Hiyo 65 ni urefu wa chemba kwa milimita. Inchi 2¾ ni milimita 70. Linaingia kwa sababu mdomo umekunjwa, na urefu unaoandikwa kwenye ganda ni wa ganda lililofunguka. Likipigwa, mdomo unafungukia kwenye koni mwanzoni mwa mtutu, mahali ambapo hapana nafasi, na slagi inalazimika kupenya tundu lililopunguzwa. Shinikizo hupanda juu ya lile ulilolihesabu, na mtutu wenyewe ulijaribiwa kwa viwango vya zama zake. Mpelekee fundi apime chemba, unene wa kuta na mihuri ya majaribio iliyogongwa chini ya mitutu. Kama mitutu ina michoro ya mawimbi ya chuma kilichosokotwa, iwe ya ukutani. Usikubali pia ushauri wa kukata maganda ya 70 yawe 65 ukabaki na baruti na slagi zile zile. Ganda fupi lina kipimo chake kilichopimwa kwa ganda fupi.